Kitu Ulichouza Mwenyewe: Sanamu ya Balot na Kiti cha Mama Jirani



Mama mmoja jirani yetu hapa Nakivale alitupa swali likatushinda. Tulikuwa kwake tunarekodi hadithi za wazee, kama kawaida yetu ya Jumamosi, tukamwomba atuonyeshe kitu chochote alichotoka nacho nyumbani. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema alikuwa nacho kimoja tu: kiti kidogo cha mti cha babu yake, cha kutoka upande wa Mwenga, Kivu ya Kusini, kilichokaliwa miaka mingi mpaka kikang'aa. Alikibeba kwenye furushi tangu siku ya kukimbia. Kilivuka mpaka naye, kikafika mpaka hapa. Kisha ukaja mwaka ambao mgao wa chakula ulipunguzwa, mtoto wake wa mwisho akaugua, na mgeni mmoja aliyekuwa anapita akakiona kile kiti, akakipenda. Mama akamuuzia kwa shilingi 60,000 za Uganda.

“Batoto yangu,” akatuambia, “ile kiti haikuibiwa. Niliiuzisha mwenyewe, na hii mikono. Sasa nitaidai kwa nani?”

Tulirudi nyumbani tunabishana njia nzima. Wengine walisema biashara ni biashara: umepokea feza, umekula, yameisha. Wengine wakasema hapana, mtu mwenye mtoto mgonjwa hauzi, ananyang'anywa na shida. Wote tulikuwa na hasira kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu ana kitu kama hicho. Kuna aliyeuza simu yenye picha za marehemu baba yake. Kuna ambaye mama yake aliuza pete ya ndoa kule mpakani.

Basi tukafanya kama tunavyofanya tukishindwa kuelewana: tukauliza historia. Je, kwetu Kongo kuna watu waliouza kitu cha thamani, wakajuta, wakajaribu kukirudisha? Na walifika wapi? Tuliyoyapata ndiyo haya.

Vitu vyetu viliondoka kwa njia tatu

Siku hizi ukisikia habari za vitu vya Afrika vilivyo Ulaya, neno la kwanza ni “viliibiwa”. Ni kweli, vingi viliibiwa. Lakini si vyote viliondoka kwa njia moja, na hapo ndipo swali la mama linapokuwa gumu.

Njia ya kwanza ni kuporwa. Mfano wake unajulikana vizuri. Mwaka 1878, kule Boma karibu na mdomo wa mto Kongo, mfanyabiashara Mbelgiji Alexandre Delcommune alikuwa na ugomvi na machifu wa pale. Watu wake walishambulia vijiji, na yeye akachukua sanamu kubwa yenye misumari, nkisi nkonde, iliyokuwa ya chifu Ne Kuko. Chifu alitaka kuikomboa, Delcommune akakataa. Aliyaandika hayo mwenyewe baadaye, bila aibu. Sanamu ile ikaishia katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Angalieni jambo moja: Ne Kuko alikuwa tayari kutoa mali ili apate kitu chake mwenyewe. Hamu ya kukirudisha haikuanza kizazi chetu. Ilianza siku ileile kilipoondoka.

Njia ya pili ni amri. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga marufuku bwami, chama cha wakubwa wa Warega. Wasioijua: bwami ilikuwa na ngazi zake, mtu alipanda moja baada ya nyingine kwa mafundisho na kwa gharama kubwa, na kila ngazi ilikuwa na vitu vyake, yaani vinyago, sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu, kofia, viti. Vitu hivyo havikuwa mapambo. Vilikuwa vya kufundishia, na aliyevishika alijua ipo siku atampokeza mwingine. Amri ilipotoka, kukaa na vitu hivyo kukawa hatari. Vingi vikaenda kwa wamisionari, kwa maofisa na kwa wafanyabiashara. Sasa mtu aliyetoa kinyago chake kwa bei ndogo mwaka ule, tuseme aliuza? Kuna mkono uliopokea feza, ndiyo. Lakini nyuma yake kulikuwa na askari.

Babu wa mama jirani yetu alikuwa mtu wa bwami. Mama mwenyewe ndiye alituambia, na alilisema kwa sauti ya chini, kama bado kuna mtu anasikiliza dirishani.

Njia ya tatu ni kuuza kabisa. Hakuna bunduki, hakuna amri. Mnunuzi amekuja, mwenye kitu amekubali, feza imehesabiwa. Hii ndiyo njia ya mama. Na hii ndiyo njia ya sanamu tunayotaka kuwasimulia leo, inayoitwa sanamu ya Balot.

Mawese, kodi na mwaka 1931

Twende Kwilu, magharibi ya nchi yetu. Ni mbali sana na Kivu, kule wanaongea Kikongo na Kipende, na wengi wetu hatujawahi kufika. Lakini hadithi yake haitakuwa ngeni kwenu.

Mwaka 1911 tajiri Mwingereza William Lever, yule wa sabuni ya Sunlight, alipatana na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ikapewa haki ya kujichagulia hadi hekta 750,000 za ardhi yenye michikichi. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mji wa Lusanga ukabadilishwa jina, ukaitwa Leverville, mji wa Lever. Wanaume walipanda michikichi mirefu kukata mikungu ya ngazi, wanawake na watoto wakabeba. Mafuta yakaenda Ulaya kuwa sabuni na siagi ya kupaka mkate.

Wengi hawakwenda kazini kwa kupenda. Kulikuwa na kodi, na kodi ililipwa kwa feza, na feza ilipatikana kwa kukata ngazi. Aliyekataa alijua kuna jela na kuna kiboko.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, kuanzia mwaka 1929. Bei ya mafuta ya mawese ikashuka. Kampuni zikapunguza malipo ya wakata ngazi. Kodi haikupungua. Hesabu yake ni rahisi: kazi iliongezeka ili kupata feza ileile, na mtu aliyekuwa amechoka akaambiwa apande mti tena.

Mwaka 1931 Wapende wakaasi. Mwezi wa Juni ofisa wa serikali, Mbelgiji jina lake Maximilien Balot, alikwenda eneo la Kilamba katikati ya vurugu zile. Akauawa huko. Serikali ikaleta askari wenye bunduki dhidi ya watu wenye mishale. Wapende zaidi ya 500 waliuawa. Kwa Wazungu kifo kilichokumbukwa kilikuwa cha Balot. Kwa vijiji, kila nyumba ilikuwa na wake.

Katika siku hizo kuna fundi aliyechonga sanamu ya mti. Inamwonyesha Mzungu aliyesimama, amevaa koti la serikali, uso umekaza. Haifiki hata mita moja kwa urefu. Ni sanamu ya Balot. Ukiiona bila kuelezwa utadhani fundi alitaka kumheshimu ofisa, au kumcheka tu. Sivyo. Wapende waliamini kwamba mtu aliyekufa namna ile anaacha roho yenye hasira. Sanamu ilitengenezwa ili roho hiyo ikamatwe, itulizwe, ifanye kazi kwa ajili ya watu na si dhidi yao. Watu waliokuwa wameshindwa kwa bunduki walitafuta njia nyingine ya kumshika mtawala wao. Ikafichwa. Ikakaa miaka mingi bila mgeni kuiona.

Siku ilipouzwa

Mwaka 1972 mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, Herbert Weiss, alikuwa katika eneo lile. Hakuwa mgeni kabisa: alikuwa Kongo wakati wa uhuru, alizunguka Kwilu na wanasiasa wa chama cha PSA, chama cha Antoine Gizenga, na mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya siasa za wanakijiji wa Kongo. Aliionyeshwa sanamu, akainunua, ikaondoka.

Tulikaa sana kwenye sentensi hiyo. “Akainunua, ikaondoka.” Ina maneno mawili tu, lakini upande mmoja wake haupo. Mnunuzi tunamjua jina, kazi na vitabu vyake. Aliyeuza hana sauti katika habari hii. Tulijaribu kufikiri ilikuwaje. Mwaka 1972 ni miaka 41 baada ya uasi. Kati ya hapo, mwaka 1964, Kwilu iliungua tena katika maasi ya Pierre Mulele, na vijiji vingi vilikimbilia msituni. Mtu aliyebaki na kile kitu mkononi alikuwa amepita vita viwili. Huenda waliojua kukitunza walikuwa wamekufa. Huenda alikiogopa. Huenda alikuwa na mtoto mgonjwa. Hatutasema ilikuwa hivi au vile. Tunasema tu kwamba sisi, hapa kambini, hatuwezi kumnyoshea kidole.

Na Weiss naye, tuseme haki, hakuiba. Hakuitupa jikoni wala kuificha. Miaka mingi baadaye yeye na watafiti wenzake, wakiwemo Wakongo, walichunguza sanamu ile ilikuwa ya nini, na mwaka 2016 wakachapisha makala inayoeleza kwamba ni kitu cha nguvu kilichotoka katika uasi wa 1931. Bila kazi hiyo pengine leo tungeiona tu kama mdoli wa Mzungu.

Lakini kabla ya makala ile, mwaka 2015, aliiuza. Mnunuzi alikuwa Virginia Museum of Fine Arts, jumba la makumbusho la mji wa Richmond, Marekani. Hapo kitu kikabadilika kabisa. Ukimuuzia mtu, kesho unaweza kumwendea ukamwambia “ndugu yangu, nilikosea”. Jumba la makumbusho lina namba za vitu, lina kamati, lina wanasheria, na lina kazi moja kubwa: kutoachia kitu kilichoingia. Kadiri kitu kinavyouzwa tena na tena, ndivyo aliyekiuza kwanza anavyozidi kuwa mbali. Hili tulilielewa vibaya sana kwa sababu simu zetu tulizouza sokoni zimeshapita mikono mitatu.

Wakata ngazi wanadai

Sasa turudi Lusanga. Kampuni ya Lever iliondoka, ardhi ikabaki imechoka, watu wakabaki bila kazi na bila ardhi. Mwaka 2014 wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya pale walianzisha chama cha sanaa, Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, kwa kifupi CATPC. Walisaidiwa na mwanamazingira Mkongomani René Ngongo na msanii Mholanzi Renzo Martens. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, kisha Ulaya zinatengenezwa upya kwa kakao na mafuta ya mawese. Ndiyo, sanamu za chokoleti. Zinauzwa kwa wakusanyaji wa sanaa, na feza inarudi Lusanga kununua ardhi iliyokuwa ya kampuni, wapande chakula na miti. Mwaka 2017 walifungua kwao jumba jeupe la maonyesho, White Cube, katikati ya eneo la zamani la Leverville.

Hawa ndio waliosema: sanamu ya Balot ije nyumbani.

Tuwe wakweli. Lusanga si Kilamba. Hatusemi kwamba waliodai ni watoto wa yule aliyeuza mwaka 1972. Lakini ngazi ni zilezile, kodi ilikuwa ileile, kampuni ilikuwa na mkono mrefu kote kule. Walijiona ndani ya historia ile, na sisi tunadhani walikuwa na haki ya kujiona.

Kwanza walifanya inavyopaswa. Waliomba. Hawakuomba kupewa moja kwa moja, waliomba kuazimwa tu, sanamu ije ionyeshwe White Cube. Wajumbe wao walisafiri hadi Richmond wakaiona kwa macho. Jibu la ndiyo halikuja.

Mwaka 2022 wakafanya jambo lililowashangaza wengi. Walichukua picha ya sanamu kutoka tovuti ya jumba lile wakatengeneza NFT. Tueleze kwa wasiojua: NFT ni kama hati ya umiliki ya mtandaoni, kila moja ina namba yake, inaandikwa kwenye daftari la kompyuta nyingi ambalo hakuna mtu mmoja anayeweza kulifuta, na inaweza kuuzwa. Walisema hivi: kama mti wenyewe mmeushika, picha yake tutaitumia sisi, na kila hati itakayouzwa itatununulia ardhi. Jumba la makumbusho lilikasirika. Likasema picha zimetumiwa bila ruhusa na kwamba uaminifu umevunjika.

Kwenye kikundi chetu hapo tuligawanyika tena. Dada mmoja alisema walikosea: ukitaka kitu kwa mtu usimchokoze. Kaka mmoja akamjibu, “Kwani walipokuwa wapole walipewa nini?” Tumeiacha hivyo. Tunachojua ni kwamba baada ya kelele ile, watu wa nchi nyingi ambao hawakuwahi kulisikia jina Balot walianza kuuliza kwa nini iko Richmond.

Mwaka 2024 CATPC walichaguliwa kuiwakilisha Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Wapanda michikichi wa Lusanga ndani ya jumba la nchi tajiri. Na safari hii Richmond ilikubali. Sanamu ya Balot ikapanda ndege, ikafika Kongo, ikawekwa White Cube kwa muda wote wa maonyesho, kuanzia Aprili hadi Novemba. Venice yenyewe haikuipata. Wageni wa kule, waliozoea kuona vitu vyetu kwenye vioo vyao, waliitazama kwenye skrini, moja kwa moja kutoka Lusanga. Aliyetaka kuisogelea ilibidi aende Kwilu.

Hapo tulipiga makofi, hatufichi. Halafu mmoja wetu akauliza, “Na Desemba?” Basi, ndiyo hivyo. Ilikuwa mkopo. Karatasi za umiliki hazikubadilika jina.

Kukopeshwa cha kwako

Jambo hili la mkopo si la Lusanga peke yake. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akakabidhi kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, kwenye makumbusho ya taifa. Picha zilikuwa nzuri. Lakini siku ile nacho kilitolewa kama mkopo usio na mwisho. Mwaka uleule Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuruhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na serikali yake ikaikabidhi Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Ni hatua. Ila soma vizuri: mlango unafunguka kwa kitu ambacho unaweza kuonyesha kilichukuliwa vibaya. Je, kile ambacho babu alikitoa kwa pakiti ya chumvi mwaka 1948, na mnunuzi akaandika “nimenunua”? Kile ambacho mama amekiuza kwa shilingi 60,000? Sheria ikiona bei, mara nyingi inanyamaza.

Na kuna funzo jingine, chungu zaidi. Mwaka 1973 Mobutu alisimama Umoja wa Mataifa akadai vitu vya nchi maskini virudishwe. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ikarudisha vitu 114. Miaka ya 1990, wakati nchi inaporomoka na makumbusho hayana ulinzi, baadhi ya vitu hivyo viliibwa Kinshasa vikaonekana tena sokoni. Wanaopinga kurudisha wanapenda sana kuitaja habari hii. Sisi tunaisoma tofauti. Kitu kinauzwa pale ambapo watu wana shida na hakuna anayekishikilia pamoja nao. Ukikirudisha kitu bila kuondoa shida, umekirudisha sokoni. Ndiyo maana tunawaelewa watu wa Lusanga walioanza na ardhi na chakula, halafu ndipo wakaomba sanamu.

Tulichomjibu mama

Tulirudi kwa mama jirani na hadithi hii. Alisikiliza yote. Akauliza kama ile sanamu ilikuwa na mikono miwili. Kisha tukamwambia tunavyofikiri.

Tulimwambia: mama, kudai kama mtu aliyeibiwa hauwezi, na ukijaribu utajivunjia heshima bure. Lakini kuomba unaweza. Ulichouza ni kiti. Hukuuza kujua ni kiti cha nani, kilikaliwaje, na nani alipaswa kukipokea. Hayo mnunuzi hanayo, na bila hayo ana kipande cha mti tu. Watu wa Lusanga hawakuwa na sheria upande wao wala feza ya kushindana na Richmond. Walikuwa na hadithi, wakaishikilia kwa miaka, na ikaileta sanamu mpaka kwao, hata kama ni kwa miezi saba.

Basi tukaanza na kilicho mikononi. Tuliandika alama zote za kiti anazozikumbuka: miguu, duara la juu, ufa mmoja uliozibwa kwa nta. Tukachora, akasahihisha, tukachora tena. Tukamtafuta kaka aliyemtembeza yule mgeni siku ile, naye akakubali kupeleka barua yetu. Hatukumlaumu mnunuzi. Tulimweleza tu kiti kilikuwa cha nani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kiti bado anacho. Alisema alinunua kwa haki, na ni kweli. Alituma picha mbili. Kurudisha, hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Mama alizishika zile picha kwenye simu muda mrefu. “Ni yenyewe,” akasema, akatuonyesha ule ufa. Halafu, bila kuombwa, akaanza kutaja majina ya waliokikalia, kutoka kwa babu kurudi nyuma, na siku ya kila mmoja kukipokea. Hakuwahi kutuambia hayo. Tulirekodi dakika 40. Alipomaliza akasema, “Mumwambie feza yake nitamurudishia, pole pole. Shilingi 60,000 nilikula, siwezi kukataa. Lakini nitairudisha.” Amekwisha weka 15,000 kando. Sisi tumeongeza kidogo.

Kwenu vijana wenzetu: kabla hamjauza kitu cha nyumbani, kipigeni picha pande zote, rekodini mzazi akikieleza, andikeni jina la mnunuzi, tarehe na bei. Mkiweza, wekeni rehani badala ya kuuza. Tunaongea na kikundi chetu cha akiba waone kama mtu anaweza kukopa akaacha kitu chake kwenye sanduku la kikundi, akakikomboa baadaye. Si kila kitu kitakombolewa, lakini hakitapanda ndege kwa sababu ya homa ya wiki moja.

Kwenu mnaofanya kazi na mashirika, na wageni mnaotutembelea: tunajua mkinunua mnataka kusaidia. Ila mama akikuuzia kitu ambacho macho yake hayataki kukiacha, muulize ni cha nani. Mwachie namba yako. Mwambie akikitaka siku moja utamuuzia kwa bei ileile. Au mpe hiyo shilingi 60,000 kama mkopo, kiti kibaki.

Barua ya pili tunaiandika Jumamosi hii. Mama anataka tuanze na majina ya wazee, halafu ndipo tutaje feza. Tutafanya hivyo.